Tuache Kutembeza Bakuli Juu ya Jeneza

Ndugu zangu wa ughaibuni, ujumbe huu mnaujua. Huingia kwenye simu usiku, mara nyingi mtu akiwa kati ya zamu na zamu, na maneno yake hayabadiliki: kwa masikitiko makubwa tunawatangazia kifo cha ndugu yetu fulani, mwili umehifadhiwa hospitali, tunaomba michango ili tumsafirishe nyumbani kwa mazishi, namba ya akaunti ni hii. Chini yake zinafuata pole na vikaragosi vinavyolia, kisha orodha ya majina na pauni: kumi, ishirini, hamsini. Wiki inapita, ya pili inapita, majina yanapungua, na aliyetangaza anarudi kwa unyonge: jamani, bado tuko mbali, tusimuache mwenzetu.

Nasema waziwazi, na wapo watakaokasirika: utaratibu huu ni aibu yetu. Tunauita umoja, tunauita utu, tunauita mila ya kwetu. Si mila ya kwetu. Ni uvivu wa jumuiya nzima uliovishwa kanzu ya huruma. Watu tunaojua fika kwamba kila mmoja wetu atakufa, tunakubali kila kifo kitukute kama mvua inavyomkuta mtu aliyeanika unga.

Msinielewe vibaya. Sisemi watu wasichangiane. Wala sisemi kila anayefariki Ulaya azikwe Ulaya; hilo ni la mtu na wazee wake. Ninachopinga ni kuanza kuhesabu senti siku ambayo marehemu amekwisha kulazwa kwenye jokofu.

Tuanze na hiyo mila tunayoitaja. Nyumbani mtu akifa, mchango wa kwanza si fedha, ni mikono. Vijana wa mtaa huchimba kaburi. Akina mama huja na masufuria yao na kuni zao. Jirani mmoja hutoa uwanja wa kufunga turubai, mwingine hutoa gari, wazee huketi kwenye mkeka kupanga nani apelekewe habari. Muosha maiti hapeleki ankara. Kaburi liko shambani kwa babu, au kwenye makaburi ya mtaa. Daftari la rambirambi hufunguliwa, ndiyo, lakini hata likijaa ukurasa mmoja tu marehemu atazikwa, na wafiwa watakula. Fedha ni nyongeza ya kilichokwisha kuwepo.

Hapa Uingereza mikono yote ina bei. Anayebeba maiti analipwa, anayeichukua hospitali analipwa, anayechimba kaburi analipwa, na kiwanja cha kaburi ni bei ya gari. Jirani yako wa ukuta kwa ukuta huenda asijue kama umefiwa, na akijua ataandika kadi ya pole na kuitumbukiza mlangoni, tena kwa nia njema kabisa, kwa kuwa kwao kumuacha mfiwa peke yake ni heshima. Zaidi ya watu saba katika kila kumi wanaofariki nchi hii miili yao huchomwa, na ibada yenyewe mara nyingi ni nusu saa, kwani familia nyingine inasubiri nje. Wenyeji wamejenga maisha yao ya mauti juu ya mikataba. Sisi tumekuja na desturi iliyojengwa juu ya mikono, mikono tumeiacha nyumbani, tumebaki na daftari peke yake. Halafu tunashangaa kwamba daftari halichimbi kaburi.

Wengi hawaijui safari ya maiti mpaka iwakute, kwa hiyo nitaieleza. Tangu tarehe 9 Septemba 2024, kila kifo katika Uingereza na Wales lazima kipitiwe na daktari mkaguzi au na mchunguza vifo wa serikali kabla cheti hakijaenda kwa msajili. Baada ya hapo familia inatakiwa kusajili kifo ndani ya siku tano. Mwili ukitoka nje ya nchi, mchunguza vifo lazima apewe taarifa kwanza, na kwa kawaida anahitaji siku nne kabla ya kuruhusu. Kama kifo kilikuwa cha ghafla au cha ajali, uchunguzi unaweza kurefusha mambo kwa wiki nyingi. Kisha mwili hutiwa dawa, huwekwa kwenye jeneza lenye bati la zinki lililozibwa, na huandikiwa vyeti vya afya na vya ubalozi. Ndege humpokea marehemu kama mzigo na kwa kawaida hutoza kwa uzito. Na hapo ni Dar es Salaam tu. Bado kuna barabara ya Songea au Bukoba, na bado kuna msiba wa pili unaosubiri, wenye turubai na wageni wake, ambao nao unaamini kwamba fedha inatoka Ulaya.

Jumla yake ni maelfu ya pauni, na ndizo tunazotaka kuzipata kwa kumi kumi ndani ya siku kumi, kutoka kwa watu walewale waliochangia mwezi uliopita.

Lakini gharama si hoja yangu kubwa. Hoja yangu kubwa ni dhuluma. Bakuli letu halina usawa, nasi tunalijua hilo na tunanyamaza. Akifariki mtu wa watu, mwenyekiti wa hiki na kile, mshereheshaji wa harusi zetu, mwenye duka la unga na dagaa, bakuli hujaa siku ya pili na fedha hubaki. Akifariki dada mkimya aliyekuwa akilea wazee zamu ya usiku, asiyeonekana kwenye sherehe kwa sababu Jumamosi ndiyo siku yenye malipo mazuri, bakuli hutembea mwezi mzima. Akifariki kijana ambaye karatasi zake hazikuwa sawa, aliyekuwa akijificha hata kwetu, wengine huuliza kwanza: huyu ni nani? Alikuwa anachangia wenzake? Ni wa kabila gani, wa dini gani, wa Bara au wa Visiwani? Yaani tunamfanyia mtu usaili wa mwisho akiwa jokofuni, na anayemjibia ni mjane.

Huyo mjane mtazameni. Mume amelala mochwari, watoto wanauliza maswali, mwenye nyumba anataka kodi, na yeye anahesabu michango na kuijibia. Kila senti aliyopokea ina macho. Akinunua koti jeusi, watu wanasema. Fedha ikibaki, watu wanasema. Ikipungua akakopa, hakuna anayesema, maana matanga yamekwisha na kila mtu amerudi kazini. Mtu aliyefiwa tumemgeuza mshitakiwa, na bado tunasema tumemsitiri.

Tukijaribu kulizungumza hili kabla, neno la kuzima mjadala liko tayari: uchuro. Usituletee uchuro. Nani aongee mauti katika kikao cha sikukuu? Naam, lakini tazama tunavyoziandaa harusi zetu hapahapa. Miezi sita kabla, kamati imeundwa. Kuna mwenyekiti, mhazini na katibu, kuna kadi za ahadi, kuna wa ukumbi, wa mapambo, wa sare, wa biriani. Asiyemaliza ahadi anapigiwa simu na kukumbushwa. Wapo watakaooa na watakaoacha, na wapo ambao hawataoa kabisa. Lakini watakaokufa ni sote. Lile la bahati tumeliundia kamati, na lile la hakika tumeliachia simu ya usiku wa manane.

Wengine watasema haya ni mawazo ya Kizungu: bima, mikataba, kujipangia kaburi. Basi tumsome huyo Mzungu vizuri, maana naye hakuzaliwa na bima. Mwaka 1832 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoruhusu maiti za maskini wasiokuwa na wa kuwazika, wakiwemo wa nyumba za kutunzia mafukara, zipelekwe kwa madaktari zikapasuliwe kwa masomo. Hofu ya kufa fukara iliingia katika nyumba za wafanyakazi kama moshi. Vyama vya kusaidiana vilikuwepo tayari, na sheria ya kuvitambua ilikuwepo tangu 1793. Sasa wafua chuma, wachimba makaa na wafua nguo wakazidi kutoa senti zao kila wiki, hata wengine walitoa ya mazishi kabla ya kununua mkate. Hawakuwa matajiri. Walikuwa maskini waliokataa kuzikwa kwa hisani. Mkataba anaotumia Mwingereza leo ni mtoto wa zile senti.

Nasi pia tulikuwa nazo. Vyama vya beni vya mwambao, Marini na Arinoti na wenzao, vilivyotamba Lamu, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam wakati wa Mjerumani na Mwingereza, havikuwa vya ngoma na mavazi tu. Wanachama waliuguzana na kuzikana. Watu wa bara walioshuka Dar es Salaam kutafuta kazi bandarini na relini walijiunga kwa asili zao ili mgeni asizikwe kama asiye na kwao. Hao walikuwa ughaibuni kama sisi, ila ughaibuni wao ulikuwa safari ya treni. Wahabeshi wana *iddir*, chama ambacho kila mwenye nyumba hutoa chake kila mwezi, afe mtu asife, na wanakiendeleza hadi Marekani. Kwa hiyo anayesema kujiandaa ni Uzungu, hamjui Mzungu wala hajijui mwenyewe. Babu yake alijua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Katika jambo hili kuna linaloniuma kuliko yote: mara nyingi tunatembeza bakuli kwa mtu aliyekufa na fedha yake. Tangu 2012 waajiri wa Uingereza wameanza kuwajibika kuwaingiza wafanyakazi wao katika mfuko wa pensheni. Aliye na miaka 22 au zaidi, ambaye hajafika umri wa pensheni ya serikali, na kipato chake kwa mwajiri huyo kinazidi pauni 10,000 kwa mwaka, anaingizwa bila kuomba. Fedha hiyo haifi naye. Mfanyakazi aliyeajiriwa moja kwa moja na huduma ya afya ya taifa, akiwa katika mfuko wake, akifariki kazini, familia kwa kawaida hulipwa kitita cha karibu mara mbili ya mshahara wake wa mwaka. Kampuni nyingi binafsi nazo zina malipo ya aina hiyo. Kuna fomu ya kuandika nani apewe. Ni ya ukurasa mmoja au miwili. Wangapi kati yetu tumeijaza? Na wangapi tulijitoa katika pensheni mwezi wa kwanza tu, kwa kuwa tuliona pauni arobaini zimekatwa na tukasema, mimi mwenyewe nitazeekea Bongo?

Wengine wanategemea serikali. Wasitegemee. Upo msaada wa mazishi kwa wanaopokea ruzuku fulani, lakini haulipii mazishi ya Afrika, na ambaye viza yake inamkataza fedha za umma hauhusiki naye. Asipokuwepo wa kumzika mtu kabisa, sheria ya 1984 inaitaka halmashauri ya eneo imzike au imchome. Itafanya hivyo kwa staha, kwa gharama ndogo, pengine bila jamaa hata mmoja, na kama hakuna aliyewaambia dini yake, watabahatisha.

Ndugu zetu Waislamu katika hili wametangulia hatua moja. Kwa kuwa dini inahimiza maiti azikwe mapema, na pale alipofia, wengi wao hawasafirishi, na misikiti mingi ina mfuko wa mazishi wenye ada inayojulikana. Lakini nao wasijivune sana. Ndoa iliyofungwa hapa Uingereza kwa nikaha peke yake, bila kusajiliwa kiserikali, sheria ya nchi haiihesabu, na mume akifa bila wosia mke huyo hana fungu la moja kwa moja. Vivyo hivyo kwa Wakristo wanaoishi pamoja "mpaka tutakapokwenda nyumbani kufunga". Mtu anaweza kukaa na mwenzake miaka kumi na tano, wakazaa na kununua nyumba kwa jina la mmoja, na siku ya msiba akawa mgeni mbele ya mwanasheria.

Najua jibu linalonisubiri. Vyama tumevijaribu, watasema, na fedha zikaliwa. Ni kweli, zimeliwa. Kuna mhazini aliyehamia mji mwingine, kuna mwenyekiti aliyefanya mfuko kuwa wa kwake. Lakini wezi hao walipita mlango tuliouacha wazi wenyewe: akaunti ya jina la mtu mmoja, mkutano usio na hesabu, katiba iliyonakiliwa na isiyosomwa. Akaunti ya chama yenye saini mbili au tatu si teknolojia ya mwezini. Taarifa ya benki inaweza kutumwa kwa kila mwanachama kila mwezi. Na kama tunaogopa wizi, bakuli la usiku linaloingia kwenye akaunti ya shemeji wa marehemu lina ulinzi gani zaidi?

Hesabu yenyewe haitishi. Familia 200, kila moja pauni 5 kwa mwezi, ni pauni 12,000 kwa mwaka. Pauni 5 ni vikombe viwili vya kahawa ya barabarani. Chama kiandike wazi kinalipa kiasi gani kwa kila kifo, kwa wote sawa, mwenyekiti na mlea wazee, mwenye pasipoti na asiye na karatasi. Usawa huo ndio roho ya chama. Bila huo tumehamisha bakuli tu. Anayeweza zaidi achukue bima yake ya maisha juu ya hiyo. Na anayetaka mpango wa mazishi wa kulipia mapema aangalie kwanza kama kampuni imeidhinishwa, maana kabla biashara hiyo haijawekwa chini ya usimamizi wa fedha Julai 2022, kampuni moja ilianguka mwaka huohuo na makumi ya maelfu ya watu waliokwisha kulipa.

Lakini tukisema kweli, kinachotuzuia si wizi wala uchuro. Kinachotuzuia ni lile sanduku chini ya kitanda. Hatujakubali kwamba tunaishi hapa. Kila mwaka ni wa mwisho, mwakani narudi, nikimaliza nyumba ya Kibaha narudi, mtoto akimaliza shule narudi. Miaka ishirini tunakaa kama abiria kwenye stendi, na abiria hajiungi na chama cha mtaa wa stendi. Kupanga mauti ya hapa ni kukiri maisha ya hapa, na hilo ndilo linalotuogopesha. Basi matokeo yake ni kwamba mtu huishi kama mgeni Uingereza, na akirudi kwao kwa mara ya mwisho anarudi kama mzigo uliolipiwa na umma.

Na watoto je? Waliozaliwa Leicester na Reading, wanaotusikia tukilia kwa Kiswahili na kuhesabu kwa Kiingereza, wanajifunza nini? Wanajifunza kwamba mila yetu ni fujo na aibu, na watakapokuwa wakubwa watajitoa kwenye kundi kimyakimya, na hatutakuwa na haki ya kuwalaumu. Siku moja wao ndio watakaoulizwa na daktari: baba yenu alitaka azikwe wapi? Waulizeni leo kama wanajua jibu.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na hakuna linalohitaji mfadhili. Wiki hii, muulize mwajiri wako kuhusu pensheni na malipo ya kifo, ujaze jina la wa kumpa. Mwezi huu, kaa na mwenzako na watoto, useme unataka kuzikwa wapi na kwa dini gani, uandike wosia ulioshuhudiwa na watu wawili wasiorithi kitu. Na mkutano ujao wa jumuiya yako, kabla ya habari ya mpira na mchele wa sikukuu, simama useme: chama cha kuzikana kianze leo, na mhazini asiwe mmoja.

Watakuambia unaleta uchuro. Waulize tu, upole kabisa, kama wanakumbuka bakuli la mwisho lilijaa baada ya siku ngapi, na lilikuwa la nani.